Waliobaki Harani

Msomaji wa Biblia akifika Harani hakai. Mwanzo sura ya 11 inamtoa mzee Tera Uru wa Wakaldayo pamoja na mwanawe Abramu, mkwewe Sarai na mjukuu wake Lutu. Wanafika Harani, Tera anafia hapo akiwa na miaka 205, na sura ya 12 haijakaa sawa Abramu keshaitwa, keshaondoka, mzee wa miaka 75. Harani inabaki nyuma kama Gairo kwa abiria wa basi la Dar: umeshuka, umechimba dawa, umenunua muhindi wa kuchoma, dereva kapiga honi, kwaheri. Nani aliwahi kuuliza watu wa Gairo wanaishije basi likishaondoka?

Mimi nauliza. Kazi yangu ni upimaji ardhi hapa Dodoma, na mpima ana ugonjwa wake: akisikia jina la mahali anataka kujua ni wapi hasa, na nani alikuwepo kabla ya huyu anayedai kiwanja. Tangu serikali ihamie huku, ugonjwa huo umenilipia ada za watoto. Kila shamba la mtama lililogeuka viwanja, Nala au Ihumwa, lina mzee atakayesimama pembeni akwambie babu yake kazikwa pale penye mbuyu.

Harani ipo, unaweza kuifungua kwenye ramani ya simu sasa hivi. Iko kusini mashariki mwa Uturuki, mkoa wa Şanlıurfa, kilomita arobaini na kitu kutoka mji wa Urfa, jirani kabisa na mpaka wa Syria. Ni tambarare yenye joto, na picha zake zinaonyesha vijumba vya udongo vyenye mapaa ya kuchongoka. Hapo ndipo Mesopotamia ya kaskazini. Uru iko kusini mwa Iraki, zaidi ya kilomita 900 ukipiga mstari ulionyooka, na hakuna msafara wa enzi zile uliopita mstari ulionyooka katikati ya jangwa. Watu walifuata mto Frati.

Sasa, jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye mahubiri, na nimekaa kwenye mabenchi ya kanisa tangu utoto. Uru ulikuwa mji wa mungu mwezi. Wasumeri walimwita Nanna, Waakadi wakamwita Sin, na lile jengo kubwa la ngazi ambalo mfalme Ur-Nammu alimjengea yapata mwaka 2100 KK bado limesimama nusu. Na Harani? Harani nao ulikuwa mji wa Sin. Hekalu lake liliitwa Ehulhul, nyumba ya furaha, na barua za udongo zilizochimbuliwa Mari, mji wa kale kando ya Frati, za karne ya 18 KK, tayari zinataja watu wakikutana katika hekalu la Sin la Harani kufunga mapatano. Kwa hiyo mzee Tera alitoka kwa mwezi akaenda kwa mwezi. Kahama nchi, dini kabaki nayo. Yoshua 24:2 haizungushi: baba zenu, akiwemo Tera, waliitumikia miungu mingine.

Hata waliotoka hawakutoka mikono mitupu. Baba yangu alikuwa katekista Mvumi, na wazee wa Kigogo hawakuchoka kumwomba awasomee habari za Yakobo na Labani, kwa sababu kwao ile ilikuwa kesi ya nyumbani kabisa: mahari, mbuzi wa madoadoa, mjomba mwenye ng'ombe wengi na neno lisiloshika. Yakobo alikimbilia Harani kumkwepa Esau, akafanya kazi miaka 14 kwa ajili ya Lea na Raheli, akaongeza 6 kwa ajili ya mifugo. Wazee walikuwa wakimhukumu Labani faini palepale chini ya mti, wanabishana ni ndama wangapi. Lakini kilichowachekesha zaidi ni Raheli. Siku ya kutoroka aliiba vinyago vya baba yake, zile terafi, akavificha kwenye matandiko ya ngamia, akavikalia, na Labani alipokuja kupekua hema akasema yuko katika siku zake, hawezi kuinuka. Mke wa Yakobo, mama wa Yusufu, ameikalia miungu ya Harani. Baba alikuwa akifika hapo anafunga kitabu kidogo, asubiri kicheko kiishe.

Mke wangu ni Mrangi wa Kondoa, kwao ni Waislamu, na ndoa yetu tulifunga bomani. Kaka yake ni fundi mwashi ambaye amejenga nusu ya majengo ya maana ya mtaani kwao, msikiti ukiwemo, na kila Idi kubwa tukiisha kula pilau tunakaa barazani kubishana kuhusu Ibrahim, maana siku hiyo ni yake. Ugomvi wetu wa kudumu ni jina la baba. Kwangu mimi ni Tera, kwake ni Azar, Surat Al-An'am aya ya 74. Hatujafika mwafaka na nadhani hatutaki kufika. Lakini ni shemeji aliyenionyesha aya zinazofuata, za Ibrahim kijana akitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja kikizama anasema hapana. Kurani haitaji Harani. Ila ukishajua mji ule ulimwabudu nani, ile aya ya mwezi inasomeka tofauti kabisa: kijana anaukana mwezi mbele ya watu wa mwezi, nyumbani kwao.

Hapa niweke jambo moja pembeni, kwa sababu najua kuna msomaji ameshaanza kuandika maoni. Waliopitia enzi za mihadhara ya dini wanakumbuka ile hoja kwamba Waislamu wanaabudu mungu mwezi, kwa vile misikiti ina alama ya hilali. Hoja hiyo siku hizi imehamia kwenye makundi ya WhatsApp. Surat Fussilat aya ya 37 inasema wazi msilisujudie jua wala mwezi, msujudieni aliyeviumba. Na mwenye Biblia afungue Ayubu 31:26-28, aone Ayubu akiapa kwamba hajawahi kuutazama mwezi ukienda katika mng'ao wake akaubusia mkono kwa siri. Vitabu vyote viwili vinakataza kitu kilekile, maana walioviandikiwa walikuwa na majirani wanaokifanya. Tuendelee.

Na majirani hao hawakwisha upesi. Nikitazama tarehe nashika kichwa. Ibrahimu kaondoka, Yakobo kaondoka, Israeli wamekwenda Misri wakatoka, wamepata wafalme wakawapoteza, na Harani wako palepale na mwezi wao. Wafalme wa Ashuru walilikarabati hekalu la Ehulhul. Ninawi ilipoanguka mwaka 612 KK, mfalme wa mwisho wa Ashuru, Ashur-uballit II, alikimbilia Harani akaufanya makao yake, mpaka Wababeli na wenzao wakaja kuumaliza mwaka 610 KK. Hekalu likabaki magofu kwa miongo mitano na ushee, nitarudi hapo. Warumi waliuita Carrhae, na karibu nao jemadari Crassus aliuawa na Waparthi mwaka 53 KK. Mwaka 217 BK kaisari Caracalla naye akauawa maeneo yaleyale, kwenye safari iliyohusu hekalu la mwezi. Mji mdogo, lakini wakubwa walikuja kufia hapo.

Kisha Ukristo. Urfa, ambao wakati huo uliitwa Edessa, ulikuwa mji wa Kikristo wenye sifa dunia nzima ya Mashariki. Harani, mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu, ukakataa. Mwaka 384 hivi alipita mwanamke mmoja kutoka magharibi, Egeria, akihiji sehemu za Biblia. Akaonyeshwa kanisa lililojengwa mahali panaposemwa palikuwa na nyumba ya Ibrahimu, akaonyeshwa na kisima cha Raheli nje ya mji. Ameandika kwamba humo mjini, ukiwatoa makasisi wachache na watawa, hakukuta Mkristo hata mmoja. Fikiria hilo: kanisa lipo, askofu yupo, waumini hawapo. Mwaka 540 mfalme wa Uajemi, Khosrow I, alipokuwa akizunguka kukamua fedha miji ya Warumi, Harani walimletea zao akazikataa, akisema wengi wao si Wakristo bali watu wa dini ya zamani.

Watu huniuliza waliwezaje. Jibu langu ni la Mgogo. Harani ulikaa kwenye njia panda: barabara ya kutoka Ninawi kwenda magharibi hadi baharini, na ya kupanda kaskazini milimani. Ezekieli 27:23 anautaja miongoni mwa waliofanya biashara na Tiro. Babu zangu nao walikaa kwenye njia ya misafara, ile ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na kila msafara ulipoingia Ugogo ulilipa hongo kwa watemi ndipo ukapata maji na kupita. Ukikaa njiani unazoea wageni, unajua lugha zao, unakula nao, na wakiondoka unaendelea na yako. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa miaka ya 1870. Nimezaliwa karibu karne moja baadaye katika nyumba ya katekista, na bado mvua ilipochelewa nilijua kabisa ni wazee gani waliokwenda kimyakimya kwa mwenye mawe ya mvua, na Jumapili nikawaona wakipokea meza ya Bwana. Huko ukweni, ukipanda miamba ya Kolo kwenye michoro ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, pale Mungomi wa Kolo watu wanatambika hadi leo, na adhana inasikika kutoka bondeni. Harani haunishangazi. Unanishangaza kwa muda tu uliodumu.

Waarabu Waislamu waliuchukua mji mwaka 639 au 640, kwa mapatano. Marwan II, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya, alihamishia makao ya ukhalifa hapo mwaka 744 na kujenga msikiti mkuu, ambao mnara wake wa pembe nne bado umesimama. Na waabudu mwezi? Bado wapo, wanakwenda sokoni na majirani zao Waislamu.

Ndipo tunafika mwaka 830. Kisa hiki kimeandikwa na Ibn an-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad wa karne ya 10. Khalifa al-Ma'mun alikuwa njiani kwenda kupigana na Warumi wa Bizanti, watu wakawa wanatoka kumlaki. Wakaja watu wenye nywele ndefu na makoti ya kubana. Akauliza: ninyi ni akina nani? Sisi Waharani. Wakristo? Hapana. Wayahudi? Hapana. Majusi? Hapana. Mna kitabu, mna nabii? Wakaanza kumung'unya maneno. Khalifa akawaambia basi ninyi hamna dhima, yaani ulinzi wanaopewa watu wa Kitabu, damu yenu ni halali, nitakaporudi niwakute mmeshaingia Uislamu au dini mojawapo iliyotajwa katika Kitabu, ama sivyo nawamaliza.

Mji ukaingia hofu. Wengine walikata nywele wakawa Wakristo, wengine wakasilimu. Waliobaki wakamwendea faqihi mmoja palepale Harani, mtu wa sheria, wakamtia kitu mkononi. Akawapa dawa: khalifa akirudi mwambieni ninyi ni Wasabai. Jina hilo limo ndani ya Kurani mara tatu, Al-Baqara aya ya 62, Al-Maida aya ya 69 na Al-Hajj aya ya 17, pamoja na Wayahudi na Wakristo. Khalifa hakurudi. Aliugua akafariki akiwa kwenye safari za vita huko kaskazini mwaka 833. Jina likabaki, na likawafaa kwa zaidi ya miaka mia.

Wanazuoni wengi wanakitilia shaka kisa hiki, na wana haki: Ibn an-Nadim alikipokea kutoka kwa mwandishi Mkristo, mshindani wao, ambaye angependa waonekane wababaishaji. Mimi nakipenda kwa sababu ya yule faqihi. Namfahamu. Hukaa nje ya ofisi na kipakiti chake cha kalamu, na kwa elfu tano atakwambia neno gani la kuandika kwenye fomu ili jalada lako lisirudishwe. (Huyu al-Ma'mun, kwa faida ya wapima wenzangu, ndiye aliyetuma watu kwenye tambarare ya Sinjar wakapime urefu wa digrii moja ya dunia, kwa kamba na vigingi. Kwa hilo namsamehe mengi.)

Na hao Wasabai wa kuandikishwa walifanya nini na nafasi waliyopewa? Thabit ibn Qurra, aliyefariki mwaka 901, alitoka Harani, inasemekana alikuwa mbadilisha fedha sokoni, akachukuliwa Baghdad kwa ajili ya akili yake. Alitafsiri na kusahihisha kwa Kiarabu kazi za Euclid, Archimedes na Apollonius, akawa rafiki wa khalifa al-Mu'tadid, na hakuacha dini ya kwao. Mwanawe Sinan alikuja kusilimu, akawa mkuu wa matabibu Baghdad. Halafu al-Battani, aliyefariki mwaka 929, wa ukoo wa Harani, ingawa jina lake Muhammad linaonyesha yeye alikuwa Mwislamu. Akiwa Raqqa alipima urefu wa mwaka akapata siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24. Amekosea kwa dakika mbili na kidogo. Bila darubini! Mimi nina kifaa kinachosikiliza setilaiti na bado kuna siku narudia kona ya kiwanja hadi jioni. Copernicus, karne sita baadaye, alikuwa akimtaja. Watu ambao mababu zao waliuinamia mwezi kwa miaka elfu mbili waliishia kuwafundisha wengine kuuhesabu, na hilo silioni kuwa jambo la ajabu. Aliyekaa akikitazama kitu muda mrefu namna hiyo lazima ajue mwendo wake.

Karne ya 11 hekalu la mwisho likawa limekwisha. Wamongolia waliuchukua mji mwaka 1260, na mwaka 1271 wakawahamisha wakazi na kuuacha mtupu. Miaka miwili kabla ya hapo, familia moja ya wanazuoni ilikuwa imeshakimbilia Damascus na mtoto wa miaka sita aliyezaliwa Harani mwaka 1263. Mtoto huyo ni Ibn Taymiyya, ambaye maisha yake yote aliwapiga vita wanaotukuza makaburi na kila kinachofanana na ushirikina. Shemeji, ambaye ana vitabu vyake, hakujua alizaliwa kwenye mji wa mwezi. Alinyamaza kidogo, akasema ndiyo maana alikuwa mkali.

Nilisema nitarudi kwenye hekalu lililobaki magofu. Mwaka 1906 yalipatikana karibu na Harani maandishi ya mwanamke, na mwaka 1956 mchimbaji Mwingereza, D. S. Rice, akapata nakala ya pili pamoja na mawe mawili ya mfalme Nabonidus wa Babeli. Yalikuwa milangoni mwa msikiti mkuu, yamelazwa kifudifudi, yanakanyagwa. Nabonidus ndiye baba wa Belshaza, yule wa maandishi ya ukutani katika Danieli sura ya 5. Mwanamke huyo ni mama yake, Adad-guppi, bibi yake Belshaza.

Jiwe linazungumza kwa sauti yake. Anasema Sin aliukasirikia mji wake akapanda mbinguni, mji na watu wakawa ukiwa. Yeye akaacha nguo za sufu nzuri, akaacha dhahabu, fedha na manukato, akavaa vilivyochanika, akashika pindo la vazi la Sin usiku na mchana. Kwa miaka 54 hekalu lilikuwa limelala. Kisha mwanawe akawa mfalme, akalijenga upya. Na hapo bibi anaanza kujisifu kama bibi yeyote: nimefika miaka 104, macho yanaona, masikio yanasikia, mikono na miguu mizima, chakula kinashuka vizuri, nimewaona vilembwe wangu wakiwa hai. Alifariki mwaka 547 KK. Miaka minane baadaye Koreshi akauchukua Babeli.

Jiwe moja la Nabonidus lina picha yake amesimama na fimbo ndefu, na mbele ya uso wake mwezi, jua na nyota. Mimi naamini waliojenga msikiti waliyalaza kifudifudi makusudi, ili sanamu isionekane na jina la Sin likae chini ya miguu ya wanaoingia kuswali. Nilimweleza shemeji hivyo Idi iliyopita, nikampa simu aone picha. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama kona hadi kona.

"Shemeji, wewe unatafuta dini kwenye ngazi," akasema. "Upande wenye michongo unashika chokaa. Hata mimi ningeulaza chini." Akauliza jiwe lina unene gani.